Wimbo wa bendi ni wa nani? Mjadala wa wanamuziki wa Kigoma na Tabora

Mpiga Besi wa Kibirizi

Wanamuziki wenzangu wa Kigoma, Ujiji na nyie wa Tabora, naomba hili tulizungumze wazi, maana limeua bendi nyingi na kila siku linasemwa chini chini. Wimbo ukizaliwa kwenye mazoezi ya bendi, pale panapoandikwa "mtunzi" aandikwe nani? Aliyeleta maneno, au wote waliokuwepo? Mimi nasema wote, tena kwa mafungu sawa. Nitaeleza, kisha mnipinge.

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne: gitaa, besi, drams na mwimbaji. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo ya marehemu baba yangu mdogo, karibu na mwalo wa Kibirizi, nyavu zimening'inia juu ya vichwa vyetu. Jioni moja mwimbaji alikuja na mistari minne kwenye daftari. Maneno mazuri, lakini hayakuwa na pa kukaa. Tumehangaika nayo mpaka giza limeingia. Nje kulikuwa na boti inajaribu kuwashwa. Mashine inakohoa, inashika, inakatika, inashika tena. Mpiga drams akaacha tulichokuwa tunapiga, akaanza kuifuata ile mashine, kwanza kwa mguu, halafu kwa fimbo. Nikamfuata na noti tatu tu za besi. Mwimbaji akanyamaza kidogo, kisha akaiimba ile mistari yake upya, akiivuta mwishoni ili ipite pale mashine inapokatika. Mpiga gitaa hakugusa waya mpaka kiitikio, na kule kukaa kimya kwake ndiko kulikofanya kiitikio kipasuke.

Tulipokwenda kurekodi tulipewa karatasi ya kujaza. Penye "mtunzi" mwimbaji akaandika jina lake, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameshika kalamu. Hakuna aliyemwambia kitu. Miaka miwili baadaye kampuni moja ikautaka wimbo kwa tangazo la redio, na pesa ikalipwa kwa jina lililokuwa kwenye karatasi. Mpiga drams aliambulia nauli. Hakugombana na mtu. Alikuja stoo asubuhi, akachukua fimbo zake, akaniaga mimi na mama, na bendi ikawa imekwisha.

Sasa niwape mfano wa watu walioliona hili mapema. Miaka ile mashirika ya wakimbizi yalipojaa mkoani kwetu, mfanyakazi mmoja alimwachia kaka yangu kanda za kaseti, mojawapo ya R.E.M., bendi ya roki ya Marekani. Ilianza mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, mji wa chuo kikuu, mbali na New York na Los Angeles. Onyesho lao la kwanza walipiga kwenye sherehe ya rafiki yao, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Michael Stipe aliimba, Peter Buck gitaa, Mike Mills besi, Bill Berry drams. Walitoa albamu ya kwanza, *Murmur*, mwaka 1983 kwenye lebo (kampuni ya kutoa muziki) ndogo ya I.R.S., wakazunguka miji midogo kwa gari lao mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1988 walihamia kampuni kubwa ya Warner, na mwaka 1991 albamu ya *Out of Time* ikawafanya wajulikane dunia nzima.

Ukisoma nyimbo zao za wakati huo utakuta majina manne yamepangwa kwa alfabeti: Berry, Buck, Mills, Stipe. Hawakusema nani kaleta nini. Pesa waligawana sawa, na kwenye maamuzi kila mmoja alikuwa na uwezo wa kusema hapana na ikawa hapana. Walikaa miaka 31. Walipoachana Septemba 2011 hawakupelekana mahakamani. Juni 2024, wote wanne walisimama tena jukwaani New York walipoingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo. Nionyesheni bendi ya kwetu iliyoachana hivyo.

Mtunzi wa Mwanga

Kaka, pole kwa yaliyowapata, na nakubali mpiga drams wenu alidhulumiwa. Lakini dawa unayotupa itatuua sisi wengine.

Mimi ni mwanamke wa Mwanga ya hapa Kigoma, natunga usiku watoto wakishalala. Wimbo mmoja naweza kuubeba miezi mitatu kichwani, naupanga nikiwa naanika dagaa, nauimba kwenye simu ili nisiusahau. Naufikisha mazoezini ukiwa na beti, kiitikio na melodi yake. Mpiga kinanda anafika amechelewa, anauliza "funguo gani?", anapiga. Anapiga vizuri, simkatai. Alipwe kwa kupiga! Lakini kuniambia kwamba yeye na mimi tumeutunga sawasawa ni kunifuta jina.

Na huo mfano wako wenyewe unajibu swali. R.E.M. wote wanne walikuwa watunzi. "Everybody Hurts", ule wimbo wao wa taratibu wa mwaka 1992, asili yake ilitoka kwa Bill Berry, mpiga drams! Ule wa mwaka 1991 uliowapa jina, "Losing My Religion", ulianzia kwa Buck alipokuwa akijifunza mandolini, ala ndogo ya nyuzi. Watu wa namna hiyo wakigawana sawa, wanagawana walichochuma wote. Sisi tulio na mtungaji mmoja na wapigaji watatu tufanyeje?

Tazama Nirvana, bendi nyingine ya roki ya Marekani. Nao walianza kwa kugawana sawa. Albamu yao *Nevermind* ya mwaka 1991 ilipouza kupita matarajio ya kila mtu, mwimbaji wao Kurt Cobain akadai fungu kubwa zaidi, tena lihesabiwe tangu nyuma, kwa sababu nyimbo nyingi zilikuwa zake. Bendi ilikaribia kuvunjika. Usawa ambao haukufuata kazi halisi haukudumu hata kidogo.

Mzee wa Isevya, Tabora

Nimesoma, vijana wangu, na moyo umenienda mbali. Hapa Tabora tulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro, na ukiingia ukumbini ulijua bendi kwa gitaa lake kabla hujamwona mpigaji. Wakati ule watu walinunua santuri ya bendi. Mpigaji akihama bendi, na walihama sana, nyimbo alizoziacha zilibaki kupigwa na wenzake, na yeye anaanza upya kwingine.

Lakini nikumbusheni wimbo mmoja wa Tabora Jazz. Wengi mtasema "Dada Asha", na papo hapo mtamtaja Shem Karenga, mtoto wenu wa Kigoma aliyekuja kuimba kwetu. Jina lake limebaki kwa sababu watu walijua ule wimbo ni wake. Wangapi walipiga nyuma yake jioni zile na leo hatuwezi kuwataja? Hilo linaniuma kuliko suala la pesa. Kwa hiyo ushauri wangu: pesa gaweni sawa kama mnapendana, lakini heshima ya mtunzi msiichanganye. Andikeni maneno ya fulani, melodi ya fulani, besi kapiga fulani. Mjukuu wangu akija kuuliza, apate jibu.

Mama Alto, Ujiji

Shikamoo mzee. Mimi ni wa kwaya, nisameheni nikiingilia mambo ya bendi. Kwetu wimbo ni wa kwaya, basi. Mwalimu anatunga, sisi tunaimba, kanda inauzwa kwa jina la kwaya. Tuliona ni jambo la Kikristo. Mwalimu wetu alifariki. Mjane wake alikuja kuomba ada ya mtoto, na kamati ikamjibu kwamba nyimbo ni mali ya kwaya, yeye apewe na nani na kwa kifungu gani? Kanda zake bado zilikuwa zinauzwa stesheni. Niliimba mazishi yake kwa wimbo alioutunga yeye mwenyewe. Mkisema "wa wote" muwe waangalifu, "wote" hana mtoto wa kusomesha.

Mwanafunzi wa Sheria, Tabora

Niongeze kidogo upande wa sheria, maana naona mambo mawili yamechanganywa.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatenganisha utunzi na upigaji. Aliyetunga ana hakimiliki. Aliyepiga au kuimba ana hakishiriki katika ule upigaji wake. Mpiga kinanda wa dada wa Mwanga anaweza kuwa na haki bila kuwa mtunzi. Na kazi ikitungwa na zaidi ya mmoja, sheria inaitambua kuwa ya pamoja, na ulinzi wake unaendelea miaka 50 baada ya kufariki kwa mtunzi wa mwisho kati yao. Mama Alto, hiyo maana yake warithi wa aliyetangulia hawaachwi nyuma, ilimradi jina lake liliandikwa. Hakimiliki inazaliwa pamoja na kazi, hata kabla hujafika COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kusajili. Tatizo ni kuthibitisha. Jina lililo kwenye karatasi ndilo linaloaminiwa kwanza, na anayepinga ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi. Kikohozi cha mashine ya boti utakipeleka vipi mbele ya hakimu?

Mfano mwingine ni The Smiths wa Manchester, Uingereza, bendi iliyodumu mwaka 1982 hadi 1987. Morrissey na Johnny Marr walichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya kurekodi na maonyesho, wapiga besi na drams wakapata 10 kila mmoja. Mpiga drams, Mike Joyce, akashtaki. Mwaka 1996 mahakama ikampa robo, kwa hoja kwamba walikuwa washirika sawa na hakukuwa na makubaliano ya kuonyesha vinginevyo. Angalieni hapa: alipewa robo ya mapato ya bendi, lakini utunzi ulibaki wa Morrissey na Marr. Na hukumu ilikuja karibu miaka tisa baada ya bendi kufa, na bado hawakupatana.

Mpiga Besi wa Kibirizi

Nimesoma kila neno, baadhi mara mbili. Naanza na Mama Alto, kwa sababu amenifanya niirekebishe kauli yangu.

Niliposema "wote" nilimaanisha watu, lakini sikulisema vizuri. R.E.M. hawakuandika "wimbo wa R.E.M." Waliandika majina manne ya watu. Tofauti yake ilionekana Berry alipougua. Machi 1995 alianguka jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa damu umepasuka kichwani. Alipona, akarudi kupiga, lakini hamu ilikuwa imemtoka. Oktoba 1997 akaaga na kwenda kulima. Aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kutavunja bendi, basi atabaki. Wakaendelea watatu, na nafasi yake hawakumpa mtu rasmi, walikodi wapigaji tu. Nyimbo zilizofuata hazikuwa na jina lake. Zile za zamani jina lake liko pale pale, na "Everybody Hurts" ikipigwa leo, fungu lake ni lake. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa kwa mwalimu wako wa kwaya, mama. Jina lake kama mtu, siyo kumezwa na kamati.

Mzee wangu, shikamoo. Nakuelewa, na majina ya wapigaji wale na mimi yananiuma. Lakini njia yako ya kutenganisha heshima na pesa nimeiona ikishindwa. Simu ya kampuni ilipigwa kwa jina lililoandikwa. Aliyeandikwa ndiye aliyeulizwa bei, ndiye aliyekubali, ndiye aliyesaini. Sisi tulisikia tangazo redioni kama wasikilizaji wengine.

Dada wa Mwanga, hoja yako ndiyo ngumu, na sitajifanya nimeipindua. Wimbo ukifika mazoezini umekamilika, ni wako. Andika jina lako peke yako na mwambie mpiga kinanda kabla hajakaa. Ninachopinga ni ile nusu ya nyimbo zetu, au zaidi, zinazofika zikiwa mistari minne. Hizo nani anazipima? Ukianza kupima, mazoezini kila mtu ataanza kuhesabu noti zake. Mimi nitang'ang'ania besi yangu hata pale ambapo wimbo unataka ninyamaze, kwa kuwa kunyamaza hakulipwi. Mpiga gitaa wetu alinyamaza beti mbili, na ile ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote usiku ule. Ungempa asilimia ngapi?

Na Nirvana hawakuharibiwa na kugawana sawa. Walikaribia kuvunjika pale makubaliano yalipofunguliwa upya baada ya pesa kuingia.

Mtunzi wa Mwanga

Hapo kwenye kunyamaza umenishika. Mimi mwenyewe huwa nawaomba wanyamaze.

Basi nikuulize. Nina nyimbo kumi na moja. Tisa nilizileta zimekamilika. Mbili tulizipata pamoja mazoezini, na nilizisajili kwa jina langu kama zile nyingine. Nikizibadilisha hizo mbili, utakubali kwamba zile tisa ni zangu bila manung'uniko?

Mpiga Besi wa Kibirizi

Nakubali, dada. Bila manung'uniko.

Mwanafunzi wa Sheria, Tabora

Dada, kabadilishe mapema, wote mkiwa hai na mnasalimiana. Andikeni karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, majina, mafungu, saini, na shahidi asiye mwanabendi. Kila mtu abaki na nakala yake.

Mzee wa Isevya, Tabora

Na huyo mpiga drams wenu yuko wapi sasa hivi?

Mpiga Besi wa Kibirizi

Yuko hapa hapa Kibirizi, mzee. Anabeba mizigo ya boti zinazotoka Kalemie na Uvira. Namwona karibu kila asubuhi, tunasalimiana, anapita. Mwimbaji wetu yuko Dar es Salaam na jana usiku nimempigia. Nilimweleza mjadala huu wote. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama lile daftari bado ninalo. Ninalo. Pembeni mwa ile mistari minne mpiga drams alichora vile vituo vya mashine kwa penseli, vidoti na mistari, ili asivisahau mpaka kesho yake. Leo jioni nampelekea mpiga drams.