SAT: nimepata 1390. Nirudie Agosti au nitume hivi hivi?

Binti wa Kayole

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Nilifanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kenya, mwaka wa 2024 nikapata A-. Tangu matokeo yatoke niko nyumbani, namsaidia mjomba kwenye saiba yake, duka la intaneti, huku nikijiandaa kuomba vyuo vya Marekani. SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huko, niliifanya mwezi wa sita. Hisabati 760, Kusoma na Kuandika 630.

Hisabati sina neno nayo. Kinachoninyima usingizi ni hiyo 630. Nilikuwa nimeazima laptopu ya binamu, na betri yake imechoka. Nikiwa moduli ya pili ya kusoma, yaani nusu ya pili ya sehemu hiyo, stima ikapotea pale kituoni. Kabla jenereta haijashika, skrini ikazima. Ilipowaka, majibu yangu yalikuwepo yote, na Bluebook, programu ya kufanyia mtihani huo, ikanirudisha palepale bila kunikata muda. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka. Saa ya kwenye skrini nilikuwa nimeificha ili isinitie presha, nikasahau kabisa kuifungua. Ikajitokeza yenyewe zikiwa zimebaki dakika 5, na mimi ndio kwanza niko swali la 18 kati ya 27. Yale ya mwisho nilibonyeza tu. Na ndiyo yale ya kuunganisha hoja kutoka kwenye maandishi ya mwanafunzi, ambayo nyumbani siyakosi!

Kurudia ni zaidi ya dola 100 ukijumlisha ada ya sisi wa nje, karibu shilingi 14,000. Mama anauza nguo za watoto Gikomba. Nilipomwambia alijibu, "Jisajili, tutaona." "Tutaona" ya Mama naijua. Ni robota ambalo halitanunuliwa mwezi huu.

Nataka kuomba MIT, Yale na Dartmouth. Nirudie?

Mwalimu Mstaafu, Buruburu

Pole sana, binti yangu. Kabla hujatoa hata shilingi, niambie jambo moja: majaribio uliyoyafanya nyumbani ulikuwa unapata ngapi? Nauliza yale ya Bluebook yenyewe, uliyoyafanya kwa muda kamili, bila kusimama katikati kwenda kuitikia mteja. Kama ulikuwa unazunguka 690 au 700, hiyo 630 si kiwango chako, na kurudia kuna maana. Kama ulikuwa unapata 640, tusiisingizie stima. Hapo kazi ni kusoma kwanza, mtihani baadaye.

Jikumbushe pia moduli ya kwanza ilikuendea vipi. Ndiyo inayoamua ya pili iwe nzito au nyepesi, na ukipangiwa nyepesi alama haziwezi kupanda sana hata ukijibu vizuri.

Nilirudia Mara Mbili

Dadangu, mimi nilianza na 1310, nikarudia nikapata 1420. Nikaona utamu, nikarudia tena Oktoba: 1430. Alama 10! Wiki zile za Oktoba ndizo nilizopaswa kuwa naandika insha za maombi ya vyuo. Za MIT niliziandika usiku mmoja, na nilipozisoma Januari niliona aibu, hazikuwa na mtu ndani yake. Sikuchukuliwa. Siwezi kusema ni kwa sababu ya insha, lakini pesa na wiki za mara ile ya tatu zinaniuma mpaka leo. Rudia mara moja, tena Agosti, halafu uiache SAT kabisa.

Mama Pendo

Niliyapitia haya na kijana wangu, kwa hiyo nikwambie kuhusu vyuo vyenyewe. MIT ilirudisha sharti la kutuma alama za mtihani kama SAT mwaka wa 2022. Yale na Dartmouth zikatangaza hivyo 2024. Yale inakubali pia AP au IB, mitihani mingine ya kimataifa ya sekondari, badala ya SAT, lakini KCSE haimo. Dartmouth ni tofauti: kwa waliosoma nje ya Marekani inapokea hata mtihani wa taifa. Soma ukurasa wao vizuri, huenda hiyo A- yako ikatosha pale.

Halafu, MIT na Yale huchukua alama ya juu ya kila sehemu katika mitihani yako yote. 760 yako haiendi popote. Hata Hisabati ikishuka Agosti, hujapoteza, kwa hiyo nguvu zako zote peleka kwenye kusoma.

Msamaha wa ada ya SAT hatupewi Wakenya, usipoteze muda kuutafuta. Ada ya kutuma maombi ndiyo unayoweza kuomba usamehewe, na uombe bila haya. Vyuo vyote vitatu haviangalii uwezo wa familia wakati wa kuamua, hata kwa wageni.

Binti wa Kayole

Asanteni sana. Mwalimu, nimeyatafuta majaribio yangu: 690, 710, 680. Lile la 710 nilisimama mara mbili kuchapia watu, kwa hiyo silihesabu. Jana nimefanya jingine alfajiri kabla saiba haijafunguliwa, saa ikiwa wazi juu ya skrini. Nimepata 700.

Mama Pendo, sikujua kabisa hilo la Dartmouth. Nimewaandikia leo kuuliza.

Nitarudia Agosti, mara moja. Mjomba amekubali kunipa mshahara wa miezi miwili kwa mkupuo, na laptopu nitatumia ya saiba, ile ambayo betri yake ilibadilishwa Aprili. Robota la Mama linunuliwe.