Kijana wa miaka 19 nimuuzie au nimrudishe?

Mama Kaunta, Umoja
Hamjambo wenzangu. Nina kaduka ka pombe karibu na steji, mwaka wa nne huu. Jumamosi jioni alikuja kijana ninayemjua tangu nikiuza mandazi, akaomba robo. Nikadai kitambulisho, akatoa: miaka 19. Mume wangu alikuwa nyuma na redio yake, akadakia, "Wacha! Siku hizi ni 21!" Kijana akacheka, akavuka barabara, akauziwa kule bila kuulizwa hata jina. Pesa yangu ikaenda hivyo nikiitazama.

Sasa, ni 18 au 21? Na kuna jingine linaloniumiza kichwa zaidi. Mzee mmoja wa ploti yetu humtuma bintiye wa miaka 12. Mtoto anakuja na noti iliyokunjwa mara nne na kikaratasi: "Mpe ya kawaida." Nikikataa, mzee ananinunia wiki nzima, na ndiye hunisaidia kuteremsha kreti.

Karani Mstaafu
Dada, ni 18. Hiyo ni sheria ya pombe ya Kenya ya 2010, ile tuliyozoea kuiita ya Mututho, mbunge aliyeipigania. Mzee wako wa redio hakuota: Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza 21, watu wakapiga kelele, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikafafanua kwamba ile ni sera tu. Mpaka Bunge libadilishe sheria, huyo wa 19 ni mteja wako halali.

Huyo binti ndiye atakayekufunga. Faini ni hadi shilingi 150,000, au jela hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ukikamatwa, kikaratasi cha baba hakitakutetea. Aliyepokea chupa ni mtoto.

Baba Wawili
Mimi hiyo 21 naitaka hata kesho. Marekani walifika huko kwa sheria ya 1984: jimbo lililokataa lilipunguziwa fedha za barabara.

Karani Mstaafu
Na hapa 18 anapiga kura, anaoa, anashtakiwa kama mtu mzima. Bia tu ndiyo asubiri? Tena wale wa kuvuka barabara watawauzia tu. Wakaguliwe hao kwanza.

Weita wa Pipeline
Mama, kitambulisho kishike mkononi. Picha ya kwenye simu usikubali. Mmoja alinionyesha ya kakake, wamefanana kama sarafu mbili, masikio ndiyo yaliyomtoa. Na usiogope kumuudhi mteja; afadhali akutukane yeye kuliko umweleze askari saa sita usiku.

Mama Kaunta, Umoja
Asanteni. Mume wangu nimemsomea jibu la Karani, amesema redio yake haidanganyi, basi.

Binti amekuja leo saa kumi na mbili. Nimemrudishia noti yake na peremende moja, nikamwambia, "Mwambie baba Mama Kaunta anamsalimu, na mlango uko wazi." Moyo ulikuwa unanidunda, sitawaficha.

Saa mbili usiku mzee akaja mwenyewe, na kandambili, shati halijafungwa vizuri. Hakunisalimu. Akaangalia rafu kama mtu aliyepotea njia, halafu akanunua nusu badala ya robo. Alipokuwa anatoka akauliza kreti zinakuja lini.