Vikundi vya picha vya mahali vimekufa, na waliovizika ni sisi wenyewe

Wakuu salaam,

Naandika nikiwa na hasira, atakayekutana na maneno makali anivumilie. Jana usiku nilifungua kikundi chetu cha picha, kile cha mji mmoja na vitongoji vyake, ambacho mimi ni memba wa siku nyingi. Picha ya kwanza ni mlima wenye theluji. Ya pili, jua linazama baharini. Mji wenyewe hauna bahari wala haujawahi kuona theluji! Nikabonyeza ile ya mlima nimjue mwenyewe. Kumbe kaimwaga kwenye vikundi zaidi ya hamsini kwa mkupuo mmoja, na chetu kimo. Chini yake komenti tisa, zote vibandiko vya pongezi vya kunakili na kubandika. Hakuna hata mmoja aliyeandika neno linaloonyesha kwamba aliitazama.

Nikaingia upande wa majadiliano. Mada ya mwisho kabisa ni ya mgeni aliyeuliza kama kuna matembezi ya kupiga picha mwezi ule, kwa sababu alikuwa anahamia na hamjui mtu. Hakuna aliyemjibu. Mwaka wa nne sasa swali lile liko palepale.

Wale mliokuja juzi mtaniambia natetea mambo ya kizee. Basi ngojeni niwaonyeshe kitu kimoja tu tulichokuwa nacho.

Kulikuwa na picha ya daraja la waenda kwa miguu. Picha ya kawaida, hata upeo wa macho umelala upande. Mbao moja ya daraja imeng'oka na mtu kaziba pengo kwa kipande cha mlango wa zamani, kitasa bado kinaning'inia. Mpigaji aliandika tu "daraja asubuhi". Mtu wa kwanza akauliza zile nondo za pembeni ziliwekwa lini. Wa pili akajibu kwamba marehemu baba yake ndiye aliyezichomelea, na akaeleza kwa nini ya tatu kutoka mwisho imepinda. Wa tatu akaenda kufukua droo ya nyumbani kwao, akarudi na picha ya rangi nyeusi na nyeupe ya mahali hapohapo kabla ya daraja, watu wanavuka maji yakiwa magotini. Wa nne akasahihisha jina la mto, maana sote tulikuwa tunaliandika vibaya. Mazungumzo yakaenda wiki mbili. Mwishowe tukakutana watu kumi na moja pale darajani, kila mtu na kamera yake, na ndipo nilipomfahamu rafiki yangu mkubwa mpaka leo.

Hebu niambieni, ni mtandao gani leo unakupa hayo?

Najua jibu la haraka ni kulaumu makampuni, na kweli yana kesi ya kujibu. Flickr, mtandao wa kuweka na kushirikishana picha, ilianza mwaka 2004, na vikundi ndivyo vilivyokuwa roho yake: picha zinaingia kwenye dimbwi moja, mazungumzo yako pembeni, na kikundi kina wasimamizi wake. Mwaka 2006 ikaongeza ramani, ukawa unaweza kubandika picha mahali ilipopigwa hasa. Lakini ilikuwa imeshanunuliwa na Yahoo mwaka 2005, na miaka ikapita watu wanalalamika kwamba mwenye mali hajui alichonunua. SmugMug, kampuni nyingine ya picha, walipoichukua mwaka 2018, mwaka huohuo wakatangaza kwamba akaunti za bure mwisho picha 1,000. Siwalaumu kwa kutaka kulipwa, seva haziendeshwi kwa dua. Lakini fikirieni memba wa zamani aliyeweka picha elfu tatu za mitaa yake kisha akaacha kuingia, au amefariki. Picha ikifutwa, na mazungumzo yaliyokuwa chini yake yanaondoka nayo. Maelezo ya nondo iliyopinda unayapata wapi tena?

Panoramio ndiyo iliyoniuma zaidi. Kazi yake yote ilikuwa mahali: picha unaifunga kwenye ramani, na mtu yeyote akifungua Google Earth, ramani ya dunia ya Google, anaweza kuiona palepale. Google waliinunua mwaka 2007, wakaifunga mwaka 2016. Wakaja watu wakahamia Google+, mtandao wa kijamii wa Google, wakajenga jumuiya upya, wakapanga matembezi upya. Aprili 2019 nayo ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida. Mtu amejenga mara mbili na kubomolewa mara mbili. Atajenga ya tatu kwa moyo gani?

Na Instagram, ambako wengi walikimbilia, haikuanza na vikundi. Ilianza na wewe na wanaokufuata. Mahali pakawa jina dogo juu ya picha na alama ya reli (#) chini yake. Mwaka 2016 wakaacha kupanga picha kwa muda zilipowekwa, mashine ikaanza kuchagua cha kukuonyesha. Hapo jirani yako anaweza kuposti picha ya mafuriko ya mtaa mnaoishi wote, nawe ukaletewa mtu anayecheza dansi bara jingine. Mwaka 2021 mkuu wao akasema waziwazi kwamba wao si programu ya kushirikishana picha tena. Angalau huyo alisema ukweli.

Sasa nije kwetu, maana hasira yangu kubwa iko hapa.

Hakuna kampuni iliyomlazimisha mtu kutupa mlima wa theluji kwenye kikundi cha mji usiokuwa na mlima. Ni uroho wa kutazamwa. Mnahesabu macho kama mfanyabiashara anavyohesabu noti, nipe nikupe, laiki yangu kwa laiki yako, kisha mnashangaa kwamba hakuna anayezungumza. Nani azungumze, na nani? Yule mzee aliyekuwa akisahihisha majina ya mito alijitahidi mwaka mzima kuandika kwa upole, "ndugu, picha hii si ya hapa". Akajibiwa matusi. Akaacha. Mtu mmoja aliyeujua mji ule kuliko ramani yoyote, tumemfukuza kwa ajili ya vibandiko vya pongezi!

Na ninyi mliosema "tuhamie WhatsApp, ndiko watu waliko". Tulihama. Nini kilitokea? Picha zinabanwa mpaka majani ya mti yanakuwa uji. Taarifa za picha, siku na mahali ilipopigwa, zinaondolewa njiani. Asubuhi kuna picha nzuri ya paa la kituo cha zamani, kufika mchana imezikwa chini ya salamu, dua na matangazo ya viwanja. Memba mpya hana namna ya kurudi nyuma miaka mitano na kuona mtaa wake ulivyokuwa. Kile ni kijiwe, na kijiwe ni kizuri kwa kupiga soga, ila hakitunzi kitu. Tulichokuwa nacho kilikuwa kijiwe na maktaba kwa pamoja, tukaenda kuchukua kijiwe peke yake na maktaba tukaiacha mlango wazi.

Wasimamizi nao. Jamani, usimamizi si cheo cha kuweka kwenye wasifu wako. Ukichoka, sema umechoka, sote tunachoka, tuna kazi na watoto. Lakini mpe mtu mwingine funguo kabla hujaondoka! Kikundi chetu aliyekifungua aliondoka kimyakimya bila kuacha msaidizi hata mmoja, ndiyo maana hakuna wa kuutoa ule mlima. Sisi memba hatuwezi kufuta, hatuwezi kubadilisha sheria, hatuwezi hata kubandika tangazo juu. Niliwaandikia wenye mtandao mara mbili kuomba angalau wakabidhi usimamizi kwa memba aliye hai. Mara zote mbili nikapata jibu la mashine linalonishukuru kwa kuwa mteja.

Kikundi cha pili, cha picha za kale za mji uleule, kina ugonjwa wa kinyume. Huko kila picha lazima isubiri idhini ya msimamizi. Zamani ilikuwa sheria nzuri sana, takataka haikupita. Sasa msimamizi haingii, kwa hiyo hakipiti kitu, kibaya wala kizuri.

Lile daraja limebomolewa. Wameweka la zege, imara, sina ugomvi nalo. Siku ya kubomoa nilikuwepo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilipiga picha mbao zikishushwa moja moja, nikapiga kile kipande cha mlango na kitasa chake, na nondo ya tatu kutoka mwisho ikikatwa, cheche zinaangukia majini. Nilichagua kumi na nne nikazituma kule kwenye kikundi cha picha za kale, kwa sababu mtoto wa yule mchomeleaji ni memba wa huko, na sina namba yake wala njia nyingine ya kumfikia.

Zina miaka mitatu sasa. Jana nimeangalia tena, bado zimeandikwa "inasubiri idhini".

Msimamizi, kama unapita hapa, jina lako silitaji ila unajijua. Ingia dakika moja uzifungulie, halafu mteue mtu yeyote kati ya tuliobaki. Niko tayari kuwa mimi. Na mwenye mawasiliano na msimamizi huyo anitumie ujumbe faragha, hata leo usiku.