Ushauri: niache chuo nikadake kriketi Uingereza?

MdakajiWaUpanga
Wakuu, salaam. Nina miaka 21, niko Dar. Sekondari nilikuwa golikipa wa mpira wa miguu, mwalimu wa kriketi akaniona nadaka, akanivalisha glavu za wiketi. Huu mwaka wa saba.

Kwa wasioujua mchezo: mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu (wiketi) na kudaka kila mpira unaompita mpigaji. Mpira wenyewe ni wa ngozi, mgumu kama jiwe, gramu 156 hadi 163. Warushaji kwenye timu wanaweza kuwa watano, mdakaji ni mmoja tu. Akiwepo mwingine, wewe unabeba maji.

Sasa kuna klabu ya kijijini Uingereza inanitaka kuanzia Aprili hadi Septemba. Tiketi juu yao, chumba juu yao, na hela kidogo ya mfukoni. Tatizo niko mwaka wa pili wa umeme VETA. Mzee kasema nikiondoka nisirudi kwake kuomba ada. Kidole cha pete kimeshavunjika mara mbili. Na niseme ukweli, kwenye kupiga huwa naingia namba nane, yaani kule mkiani kwa wasiotegemewa kupiga. Niende?

Baba Khadija
Kriketi ipo Tanzania hii? Mimi nilijua ni mchezo wa Wahindi wa mjini tu.

Chanika_Boy
Baba Khadija amka, vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la rika lao la 2026. Mtoa mada, nenda. Bahati haigongi hodi mara mbili.

KipaMstaafu_Mombasa
Mdogo wangu, mimi nimedaka klabu za huku Mombasa miaka kumi na tatu, vidole vyangu viwili havikunjiki hadi leo. Nikwambie kitu.

Tarehe 29 Februari 1996, Kombe la Dunia, mjini Pune, India, Kenya wapigaji wetu wote walitolewa tukiwa na mikimbio (ndizo pointi za kriketi) 166 tu na kila mtu akajua yamekwisha. Brian Lara, mpigaji hatari wa West Indies, akaingia. Ana mikimbio 8, mpira wa Rajab Ali ukamgusa ukingo wa gongo, Tariq Iqbal akaukumbatia nyuma ya wiketi. West Indies wakaishia 93. Mdako ule mmoja watu wa rika langu tunausimulia mpaka kesho. Ndiyo raha ya kazi yako.

Lakini tazama 2003 tulipofika nusu fainali. Kipa, yaani mdakaji, alikuwa Kennedy Otieno, na huyo huyo ndiye aliyekuwa akifungua upigaji. Tulipowafunga Sri Lanka pale Nairobi alipiga 60. Dunia nzima imekuwa hivyo tangu Adam Gilchrist, kipa wa Australia, aliyestaafu mechi za Test (zile za siku tano) akiwa na mikimbio 5,570 kwa wastani wa 47.60. Makocha wakaonja, hawataki tena kipa wa kudaka tu. Namba nane, ndugu yangu, haikupeleki mbali hata ukidaka nzi.

MamaMazoezi
Mimi ni mtaalamu wa viungo, kriketi naijua kwa majeruhi wake. Kidole kimoja kuvunjika mara mbili si bahati mbaya. Bila shaka vidole vyako vinautazama mpira. Vielekeze chini, au juu ukiwa wa kifuani, na uinuke pamoja na mpira usiinuke kabla yake. Je, mara ya pili ulisubiri kipone?

Na ukisogea karibu na vijiti kwa warushaji wa spini, wale wanaouzungusha mpira, vaa helmeti. Mark Boucher wa Afrika Kusini, Julai 2012 huko Taunton, kile kijiti kidogo cha juu kiliruka kikamwingia jicho la kushoto. Hakuvaa. Hakucheza tena mechi ya kimataifa.

MdakajiWaUpanga
Sikusubiri mama. Ilikuwa fainali.

MamaMazoezi
Wote huwa ni fainali.

Mswahili_Leicester
Niko huku miaka kumi na moja. Mambo mawili. Kwanza viza: usikubali mtu akwambie "njoo kama mtalii tu". Klabu ikikulipia nauli na chumba, kwa sheria zao hayo yanaweza kuhesabiwa malipo, na mgeni wa matembezi haruhusiwi kucheza kwa malipo. Ukikamatwa uwanja wa ndege unaharibu na safari zote zijazo. Omba barua inayotaja aina ya viza.

Pili, klabu za vijijini karibu zote zina kipa wao, mzee fulani ambaye hakuna wa kumtoa. Mchezaji wa nje wanamleta apige au arushe, na katikati ya wiki afundishe watoto. Waulize wazi wanakutaka kwa lipi.

Chanika_Boy
Mnamtisha dogo bure.

Fundi_Redio
Hakuna anayemtisha. Dhoni mwenyewe, kipa wa India, alianza kama golikipa wa mpira, kama mtoa mada. Akawa mkaguzi wa tiketi stesheni ya Kharagpur kuanzia 2001 huku anacheza. Nahodha aliyechukua Kombe la Dunia 2011 aliwahi kukagua tiketi za treni! Umeme malizia.

MdakajiWaUpanga
Mrejesho wakuu. Nimewauliza kama alivyosema mdau wa Leicester. Wamejibu kipa wanaye, yupo miaka ishirini sasa. Wao walidhani mimi ni mpigaji wa namba nne. Kuhusu viza hawajagusa kabisa.

Nimewaambia tuongee msimu ujao. Jumamosi hii kocha wa klabu amekubali nifanye mazoezi ya kupiga saa nzima nyavuni kabla ya kuvaa glavu, na vidole navielekeza chini alivyoelekeza mama hapo juu. Mzee nimemwambia naendelea na chuo. Hakusema neno, ila jana usiku kaniuliza gongo linauzwaje. La kriketi, Baba Khadija, siyo lile mnalokunywa.