Faida inapanda, taslimu inashuka: nisome vipi uhusiano wa hesabu hizi?

MwanaTudor anauliza:

Assalaam alaykum wana jamvi. Mimi ni karani katika ofisi ya klaringi hapa Mombasa, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitenga sehemu ya mshahara ili kununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mpaka juzi nilikuwa nikitazama mambo mawili tu, faida baada ya kodi na gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Kampuni moja ambayo nina hisa zake imenionyesha kwamba hayo mawili hayatoshi, kwani kila mwaka inatangaza faida kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, na bei ya hisa yake inazidi kuteremka. Sitaitaja jina, kwa sababu ninachotaka ni kujifunza kusoma hesabu, si kuishitaki kampuni.

Nimechapisha taarifa zao za miaka mitatu nikazikalia baada ya sala ya Isha. Tarakimu ni za mamilioni ya shilingi na nimezikadiria ili zisomeke kwa wepesi. Mauzo yalikuwa 2,000, kisha 2,300, kisha 2,600. Gharama ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa 1,500, 1,700 na 1,890. Faida baada ya kodi ni 120, 150 na 185. Wadeni wa kampuni, yaani wateja ambao hawajalipa, ni 300, 460 na 710. Bidhaa zilizo ghalani ni 250, 340 na 480. Wadai, yaani wauzaji ambao kampuni haijawalipa, ni 280, 320 na 350. Mikopo ya benki ni 200, 330 na 560, na mtaji wa wenye hisa ni 700, 790 na 895. Gawio lilikuwa 60 mwaka wa pili na 80 mwaka wa tatu.

Lililonishangaza liko katika taarifa ya mtiririko wa fedha: taslimu iliyotokana na shughuli za biashara ni hasi 5 mwaka wa pili, na hasi 115 mwaka wa tatu. Inawezekanaje kampuni ipate faida ya milioni 185 na wakati huo huo shughuli zake zimeze milioni 115? Ni hesabu zipi nizilinganishe na zipi kabla sijaongeza hisa au kuziuza?

Duka la Jumla, Kongowea:

Ndugu yangu, mimi si mhasibu, lakini swali lako la kwanza nimeliishi. Mwaka mmoja niliamua kuwakopesha wenye vioski wa Kisauni na Mtopanga ili wasihamie kwa jirani yangu, na kweli mauzo yalipanda, nikawa nahesabu faida kila jioni. Siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ambao mwenye duka hana budi kujaza sukari, tende na unga, lori la unga lilisimama mlangoni, nami nilikuwa na daftari la madeni lenye shilingi laki nne na droo yenye elfu sita. Faida ilikuwapo, ila ilikuwa mifukoni mwa watu. Lori liligeuza likaondoka na mzigo wake. Tazama wadeni wako wa 710 kwa jicho hilo.

Mkaguzi Mstaafu:

Mwanangu, jibu la mwenye duka ndilo jibu lenyewe, nami nitaliongezea hesabu tu. Nimefanya kazi ya ukaguzi miaka mingi, na jambo ambalo ningependa kila mwekezaji mdogo alishike ni kwamba tarakimu iliyo peke yake katika taarifa ya fedha haisemi kitu, kwa kuwa kila muamala huandikwa mara mbili, na kwa hiyo kila hesabu ina mwenzake ambaye lazima aende naye. Mauzo huenda na wadeni. Gharama ya bidhaa huenda na ghala na wadai. Faida, ikipewa muda, sharti iende na taslimu. Kazi yako ni kutafuta wenza walioachana.

Anza na mauzo na wadeni. Mauzo yamekua kwa asilimia 30 katika miaka yako mitatu, ilhali wadeni wamekua kwa zaidi ya asilimia 136. Ukigawanya wadeni kwa mauzo ukazidisha kwa 365, utapata idadi ya siku ambazo mteja wa kawaida hukaa bila kulipa: 55 mwaka wa kwanza, 73 wa pili, 100 wa tatu. Fanya vivyo hivyo kwa ghala, lakini hapo ugawanye kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa wala si kwa mauzo: siku 61, 73, 93. Kwa wadai, ambao pia hugawanywa kwa gharama hiyo, utapata 68, 69, 68. Sasa jumlisha siku za wadeni na za ghala, kisha utoe siku za wadai. Shilingi ya kampuni ilikuwa ikitoka na kurudi baada ya siku 48, ikawa 77, na sasa ni 125. Wateja na ghala wanazidi kuchelewa, na wauzaji hawajakubali kungoja hata wiki moja zaidi. Pengo hilo lazima lizibwe na mtu mwingine, na mtu huyo ni benki.

Hebu tulishike swali lako la hasi 115. Chukua faida ya 185. Ongeza uchakavu wa mitambo, kwa sababu ni gharama isiyotoa pesa mfukoni. Hukuutaja, lakini hesabu zako zinanionyesha kwamba ni kama 60. Toa ongezeko la wadeni, 250. Toa ongezeko la ghala, 140. Ongeza 30 ambazo wauzaji wamewakopesha zaidi. Jibu ni hasi 115, sawasawa na taarifa yao, na kwa hiyo hakuna muujiza wala siri hapo.

Hatua inayofuata ndiyo iliyonisikitisha. Mikopo iliongezeka kwa 230 mwaka huo. Kati ya hizo, 115 ziliziba shimo la shughuli za kila siku na 80 zililipwa kuwa gawio. Zinabaki 35, ambazo nadhani zilinunua mitambo ikiwa salio la benki halikubadilika. Hakikisha katika taarifa. Maana yake, mwanangu, gawio ulilolipokea kwenye akaunti yako lilikopwa benki kwa riba, na wewe mwenye hisa ni miongoni mwa watakaoilipa riba hiyo. Wengi hulitazama gawio lililopanda kuwa ushahidi wa afya. Mimi hulitazama kwanza kando ya taslimu ya shughuli, na nikiona gawio chanya juu ya taslimu hasi kwa mwaka wa pili mfululizo, kalamu naiweka chini nikasoma kurasa za maelezo neno kwa neno.

Kuna uhusiano mwingine ambao hukuuuliza. Faida ghafi ya kampuni hii, yaani mauzo ukitoa gharama ya bidhaa zilizouzwa, ni asilimia 25 ya mauzo mwaka wa kwanza, kisha 26, kisha 27 na kitu. Kwa kawaida bidhaa zikirundikana ghalani kampuni hushusha bei ili zitoke, na faida ghafi hupungua. Hapa ghala linajaa na faida ghafi inapanda. Huenda iko sababu njema, kama vile malighafi kushuka bei. Lakini kumbuka kanuni ya gharama ya bidhaa zilizouzwa: ni bidhaa za mwanzo wa mwaka, ukaongeza zilizonunuliwa au kutengenezwa, ukatoa zilizobaki mwisho wa mwaka. Zilizobaki zikithaminiwa kupita kiasi kwa milioni 50, gharama hupungua kwa milioni 50 na faida kabla ya kodi hupanda kwa kiasi hicho hicho, bila mtu yeyote kuuza hata kartoni moja. Katika ghala moja nililolikagua zamani, nilipitisha kidole juu ya maboksi ya safu ya nyuma nikaacha mstari kwenye vumbi, na maboksi hayo yalikuwa kwenye orodha kwa bei kamili ya ununuzi, miaka miwili baada ya kuingia. Sheria ya kihasibu inataka bidhaa ziandikwe kwa gharama yake au kwa bei ambayo zinaweza kuuzwa baada ya kutoa gharama za kuziuza, ile iliyo ndogo. Tafuta katika maelezo kama kuna kiasi kilichopunguzwa kwa ajili ya bidhaa zilizolala.

Mwisho, usidanganywe na faida juu ya mtaji, yaani faida baada ya kodi ukiigawanya kwa mtaji wa wenye hisa. Imepanda kutoka asilimia 17.1 hadi 20.7, na gazeti litaisifu. Ivunje vipande vitatu, kwa njia iliyoanzia katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Faida kwa kila shilingi ya mauzo imetoka asilimia 6.0 hadi 7.1. Mauzo kwa kila shilingi ya mali (mali hapa ni jumla ya wadai, mikopo na mtaji) yameshuka kutoka 1.69 hadi 1.44. Mali kwa kila shilingi ya mtaji imepanda kutoka 1.69 hadi 2.02. Mali inafanya kazi kidogo kuliko zamani, deni ndilo linaloinua, na kipande kilichobaki ni ile ile faida ambayo bado haijageuka pesa.

BintiMajengo:

Shikamoo mzee wetu, nimefaidika sana. Mimi ni mhasibu katika ghala la chai huko Shimanzi, na ningependa kumtahadharisha ndugu MwanaTudor asiichukue fomula hii akaibandika kila mahali.

Kwa kampuni za chai, tarehe ya kufunga hesabu ina uzito mkubwa. Ziko ambazo mwaka wao huishia tarehe 31 Machi, na siku hiyo chai iliyo njiani kuja kwenye mnada wa Mombasa huonekana kama bidhaa ya ghalani, ingawa huenda ikauzwa wiki chache baadaye. Linganisha Machi na Machi, usilinganishe Machi na Septemba. Vilevile faida ya kampuni ya kilimo hubeba mabadiliko ya thamani ya mazao yaliyo bado shambani, ambayo viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka yaandikwe ijapokuwa hakuna senti iliyoingia. Hapo faida na taslimu huachana bila ya mtu kufanya kosa.

Kuna pia suala la dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha katika mwaka huo huo ikarudi karibu 130. Kampuni yenye mkopo wa dola iliona deni lake likipungua kwa shilingi pasipo kulipa chochote, na tofauti hiyo ikaingia katika faida. Kwa hiyo mikopo ikishuka ghafla, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha uone kama kweli kuna malipo yaliyofanywa. Na benki uiache kando kabisa: kwake mikopo ndiyo bidhaa, na cha kulinganisha ni mikopo isiyolipwa dhidi ya fungu la tahadhari lililowekwa kwa ajili ya hasara.

Hata hivyo, kwa kampuni uliyoieleza nakubaliana na mzee. Mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye jedwali la umri wa madeni katika maelezo, linaloonyesha madeni yamekaa muda gani bila kulipwa. Tangu 2018 kampuni zinatakiwa kutenga fungu kwa hasara zinazotarajiwa, hazitakiwi kungoja mpaka mteja afilisike. Ikiwa madeni yaliyopita siku 90 yanaongezeka na fungu limesimama pale pale, sehemu ya faida ya 185 ni ya kuazima. Angalia pia kama deni kubwa liko kwa mteja mmoja au wawili. Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, wauzaji wengi walikuwa wakiidai.

AbuSalim:

Nyongeza fupi kwa wanaojiepusha na riba. Viwango vya AAOIFI, shirika linaloweka viwango vya uhasibu na sharia kwa taasisi za fedha za Kiislamu, vinaweka ukomo wa asilimia 30 kwa mikopo ya riba ikilinganishwa na thamani ya kampuni sokoni. Kwa hiyo mkopo ukipanda na bei ya hisa ikishuka, uwiano huo huharibika kutoka pande mbili kwa pamoja, na hisa uliyoinunua ikiwa ndani ya ukomo inaweza kutoka nje ukiwa umelala. Zidisha idadi ya hisa kwa bei ya leo, kisha ugawanye 560 kwa jibu hilo.

MwanaTudor:

Nawashukuru nyote, na mzee wetu Mungu akuzidishie. Jana nilirudi kwenye kurasa za maelezo, ambazo nakiri sikuwahi kuzisoma. Uchakavu ni 60 kamili, mitambo ni 35, na salio la benki halikubadilika, kama ulivyokisia mzee. Madeni yaliyopita siku 90 yalikuwa 40 mwaka wa kwanza na sasa ni 260. Fungu la tahadhari lilikuwa 12, sasa ni 15. Kuhusu bidhaa zilizolala hakuna hata sentensi moja. AbuSalim, kwa bei ya leo thamani sokoni ni kama 1,600, kwa hiyo uwiano umefika asilimia 35.

Nimeamua kutoongeza hisa, na nusu ya nilizo nazo nimemwagiza dalali aziuze. Nyingine nazishika mpaka mkutano mkuu wa mwaka, kwa sababu mwenye hisa ana haki ya kuuliza na nimeshaandika swali langu: kati ya zile milioni 260, ni kiasi gani kimelipwa tangu hesabu zilipofungwa, na kimelipwa kwa pesa taslimu au kwa ankara mpya?

Mkaguzi Mstaafu:

Swali zuri, mwanangu. Liongezee kipande kimoja: waulize bidhaa za ghalani zilihesabiwa na nani, na tarehe gani.