Wasamoa na miili mikubwa: ni damu au ni chakula?

Raga_Nakuru:
Habari zenu wanajamvi. Nacheza raga huku Nakuru, nasukuma skramu mstari wa mbele, na kila nikiwatazama Samoa au Tonga wakicheza swali ni lile lile. Visiwa vidogo, watu wachache, lakini mapande ya watu yanavyotoka huko! Halafu nasoma kwamba nchi hizo hizo ziko juu kabisa duniani kwa unene, na kisukari kimewaandama. Je, ni kitu kimoja? Mwili unaowabeba uwanjani ndio unaowamaliza baadaye? Binamu yangu anasema ni maumbile yao, hakuna la kufanya. Mwenye ujuzi anifafanulie tafadhali.

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Kuna nadharia ya James Neel ya mwaka 1962. Alisema baadhi ya watu walirithi jeni zinazobana matumizi: wakati wa shibe mwili unaweka akiba ya mafuta, wakati wa njaa akiba inawaokoa. Wapolinesia, yaani Wasamoa, Watonga na jamaa zao wa visiwani, walivuka bahari kubwa kwa mitumbwi, kwa hiyo wengi wakaona nadharia inawahusu moja kwa moja. Kidato cha sita nawafundisha hivyo, na inaelekea kumuunga mkono binamu yako.

Binti_Tanga_AKL:
Mwalimu shikamoo. Kaka wa Nakuru, salama?

Mimi ni muuguzi hapa Auckland, New Zealand, upande wa kusini wa jiji, na wagonjwa wetu wengi ni Wasamoa, Watonga na watu wa Visiwa vya Cook. Nimeisikia sana hiyo kauli ya "maumbile yao", hata kwa watumishi wa afya, na inanikera kwa sababu inamfanya mgonjwa akate tamaa kabla hajapimwa.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya Wasamoa zaidi ya 3,000. Lilionekana badiliko moja dogo katika jeni liitwalo CREBRF. Karibu nusu ya Wasamoa wana angalau nakala moja. Lipo pia kwa Wamaori (wenyeji wa asili wa New Zealand), Watonga na jamaa zao wa Pasifiki, ila kwa Wazungu na Waafrika ni kama halipo. Kila nakala inapandisha BMI, yaani uzito ukilinganishwa na kimo, kwa takriban 1.4, ambayo kwa mtu wa sentimita 170 ni kama kilo 4.

Wengi huishia kusoma hapo, na uhondo wenyewe unafuata. Wenye badiliko hilo, pamoja na uzito wao, wanapata kisukari cha aina ya pili kwa uchache kuliko ndugu zao wasio nalo. Uwezekano unashuka kwa zaidi ya theluthi moja! Baadaye watafiti wa hapa New Zealand wakaona kwamba wanaume wenye nalo wana misuli mingi zaidi, na myostatini, ile protini inayozuia misuli isikue, iko chini. Kwa hiyo Mwalimu, ukiifundisha nadharia ya Neel, waongezee vijana na hili, maana jeni ya kuweka akiba tu isingekuwa na tabia hiyo.

Juzi nilimpima fundi wa paa, kilo 131. Mkanda wa kawaida wa presha haukuzunguka mkono wake, nikafuata ule mpana. HbA1c yake, yaani wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ilikuwa 37, na hapa kisukari kinaanzia 50. Aliyeingia baada yake, mama mwembamba tu, alikuwa na 71.

Kuhusu chakula, ukialikwa Jumapili baada ya kanisa utakuta magimbi, shelisheli, samaki, majani machanga ya magimbi yaliyofungiwa tui zito la nazi, vyote vimeivishwa kwa mawe ya moto. Mtu wa Tanga hajisikii mgeni. Wazee wao walikula hivyo, wakilima na kuvua, na jeni walikuwa nayo. Pembeni sasa kuna nyama ya kopo, soda, mbavu za kondoo zilizojaa mafuta. Samoa ilipiga marufuku mikia ya bata mzinga kutoka nje mwaka 2007, kipande ambacho ni mafuta matupu. Ili ijiunge na Shirika la Biashara Duniani ilitakiwa kuiondoa; ikajiunga mwaka 2012, na marufuku ikaondolewa mwaka 2013. Hilo nalo binamu aliite maumbile?

Raga_Nakuru:
Dada, asante sana. Sasa hiyo BMI ina maana gani kwao? Hata mimi kocha ananiambia nimepitiliza.

Binti_Tanga_AKL:
Watafiti wa hapa walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kwa BMI ile ile, Mpolinesia ana mafuta machache na misuli mingi kuliko Mzungu. Wakapendekeza mipaka ya uzito uliozidi na ya unene iwe 26 na 32 badala ya 25 na 30. Wewe pima kiuno, presha na sukari, kisha rudi kwa kocha ukiwa na majibu mkononi.

Ila usidhani jeni zao zote zinawapendelea. Jongo, maumivu ya viungo yanayoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, linawatesa mno, Wamaori pia, na vijana wanalipata mapema. Sehemu kubwa ni urithi: jeni kama ABCG2 na SLC2A9 zinafanya mwili ushindwe kutoa asidi ya yuriki vizuri. Kijana anakuja kidole gumba cha mguu kimevimba, hata soksi haivaliki, na ameshaambiwa na kila mtu kwamba ni ulafi. Namweleza kwamba mwili wake umezaliwa na kazi hiyo nzito, na kwamba dawa ya kushusha asidi hiyo, allopurinol, ipo, anywe kila siku hata maumivu yakiisha.

Mwalimu_wa_Baiolojia:
Marahaba binti. Hiyo CREBRF naiingiza kwenye somo la muhula ujao. Je, watoto wenye nakala mbili huonekana tofauti mapema?

Binti_Tanga_AKL:
Mwalimu, kwa watoto wa Samoa limehusishwa na kimo kirefu zaidi. Kwa macho tu huwezi kumtambua mwenye nalo, ni kipimo cha maabara.