Kufa ili mwingine apone: ni wema wa kweli? Wenye fani tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, salaam. Mtu akitoa uhai wake ili mwingine aishi, huo ni wema mtupu au kuna anachokipata, iwe sifa, pepo au damu yake kuendelea? Naomba waje watu wa uokoaji na wa hospitali. Hadithi za "mimi nilimuokoa fulani" tuziache, leteni mambo yanavyokwenda.

KambaNdefu
Naanza na visima na mashimo ya choo, maana huko watu hufa kwa kufuatana: fundi anaanguka, mdogo wake anashuka, jirani naye anafuata. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, iliwahi kuchunguza vifo vya kwenye mashimo na matangi ya namna hiyo ikakuta zaidi ya asilimia 60 ni waliokwenda kuokoa.

Tatizo ni hewa. Ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5 ni hatari, haingii mtu bila vifaa. Chini ya 6, pumzi mbili tatu tu keshaanguka. Shimo la choo lina haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua haiinusi tena, mtu anadhani imeisha kumbe imezidi. Kisimani muuaji mara nyingi ni pampu ya petroli iliyoshushwa chini kuvuta maji: inatoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi.

Ule mtindo wa kushusha kibatari kupima hewa muuache. Kinazimika oksijeni ikiwa kama asilimia 16, lakini kaboni monoksaidi hakiioni kabisa, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, hicho kibatari ndicho kinacholipua. Barakoa nayo haiongezi oksijeni.

Cha kufanya: zima injini, ondoa watu mdomoni mwa shimo, piga 114 kama uko Tanzania. Aliye chini akiitika, mshushie kamba yenye kitanzi ajivishe kwapani, mumvute. Asishuke mtu bila mtungi wa hewa mgongoni, mkanda wa mwili mzima na wavutaji juu. Mtungi wa lita 6 uliojazwa kwa mgandamizo wa bar 300 una kama lita 1,800 za hewa. Kwa karatasi, hizo ni dakika 45, kwa mtu anayehangaika ni pungufu sana.

Sasa jibu langu: aliyeshuka bila kujua kuna gesi hakutoa uhai wake. Alitoa msaada, uhai ukachukuliwa.

Msomaji wa Usiku
Hapo sikubaliani kikamilifu, mkuu. Januari 1904 mgodi wa makaa wa Harwick, Pennsylvania, ulilipuka ukaua 179. Wawili zaidi walikufa kwa kwenda kuokoa. Mwaka huohuo tajiri wa chuma Andrew Carnegie akaanzisha mfuko wa kuwatunuku watu wa aina hiyo, na masharti yake yanagusa mada. Lazima uwe umejihatarisha kwa hiari, kwa hiyo wenye wajibu wa kazi kwa kawaida hawahesabiwi. Aliyemuokoa mtu wa familia yake naye hahesabiwi, isipokuwa amekufa au ameumia vibaya. Yaani mzazi kumvuta mwanawe motoni wameona si ajabu, mpaka afe.

Mleta mada
Kwa hiyo ndugu kwa ndugu si wema?

Jeni na Jamii
Hesabu ya mwanabiolojia Hamilton ya mwaka 1964 ndiyo iliyowachanganya wengi. Ndugu wa baba na mama mmoja wanashirikiana wastani wa nusu ya jeni, mabinamu moja ya nane. Tabia ya kujitoa inaweza kuenea ikiwa faida kwa ndugu, ukiizidisha kwa kiasi hicho, inazidi hasara ya anayejitoa. Ila hiyo inaeleza tabia ilivyoenea, haisemi mtu alikuwa na nia gani.

Na tukio la Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, haliingii kwenye hesabu hiyo. Tarehe 21 Desemba 2015 al-Shabaab walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Wanawake wa Kiislamu wakawapa wenzao hijabu wajifunike. Abiria wakakataa kutengana. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Njia ya kutoka salama alikuwa ameshapewa, ndiyo maana kwangu huyu anafaulu hata kipimo cha KambaNdefu.

NesiWaZamu
Hospitali haziruhusu kabisa kufa kwa ajili ya mwingine. Mzazi akisema "mpeni mwanangu moyo wangu," hakuna daktari atakayekubali. Figo inawezekana: kwa takwimu za Marekani za 1994 hadi 2009 hatari ya mtoaji kufa ndani ya siku 90 ilikuwa kama watu 3 kwa 10,000, figo inayobaki hujiongeza, na kurudi kazini huchukua kama wiki 4 hadi 6, asibebe mizigo.

Ila hiari ndiyo inayochunguzwa kweli. Mtoaji anahojiwa peke yake, bila mgonjwa wala mjomba. Akisema hataki, familia inaambiwa tu kwamba hafai kitabibu, basi. Wapo wanaokuja "wamejitolea" kumbe kikao cha ukoo kiliamua.

Kiboya
Nami niongeze maji. Anayezama hukwea chochote, na mwokoaji ndiye ngazi iliyo karibu. Fika kwa mti au kanga, ikishindikana rusha, ikishindikana nenda na chombo. Kuogelea ni mwisho.

Mleta mada
Turushe nini, ufukweni hakuna maboya?

Kiboya
Dumu la lita 20, mfuniko ukazwe. Linabeba karibu kilo 20, na kichwa cha mtu kukaa juu ya maji hakihitaji hata nusu yake. Tia maji kidogo ndani, tupu kabisa upepo unalirudisha. Funga kamba kwenye mpini, kanyaga ncha ya pili, urushe lipite kichwa chake, kisha uvute taratibu mpaka limguse.